Dispensari Niliyoifungua kwa Kalamu

Asubuhi moja, miaka ile ya Zaïre, niliondoka Bukavu bila mpango wowote, nikadandia lori la kabichi pale Nyawera. Niliacha shule mapema, lakini gazeti letu dogo lilinifanya mtu. Ah, nalikumbuka mpaka leo! Wino vidoleni, suti moja tu ya abakosi, na kila walichosema wakubwa wa Chama nilikiandika kana kwamba nimekiona. Nilikiamini pia, kwa sababu kilikuwa na jina langu chini yake. Wanaouliza ni lini niliacha kuamini hotuba, nawajibu: jioni ya siku ile.

Lori liliharibika Sange. Mjane mmoja, Maman Feza, akanipa chumba, akachukua kadi yangu ya kitambulisho ili akaniandikishe kwa chifu, kama ilivyokuwa desturi kwa mgeni. Kuta zilibandikwa magazeti ya zamani kuzuia vumbi. Juu ya kitanda nikakuta habari yangu mwenyewe: Sange yapata dispensari mpya.

Nikafurahi kama mjinga. “Maman, hii dispensari iko wapi?”

Akacheka mpaka akakaa kitandani. “Iko hapo mu ukuta, papa! Mutoto wangu alikuwa na homa, nikamubeba mugongoni, nikazunguka Sange yote nikiitafuta. Ni jirani alimuponesha na majani.”

Kisha akasimama. Akainua kadi yangu, akaisogeza ukutani chini ya ile habari, akalinganisha majina herufi kwa herufi.

“Kumbe ni wewe,” akasema. “Basi lala, papa. Kesho utanionesha njia ya kufika kule.”