Masikio ya Mdogo Wangu

Godoro la mdogo wangu ndilo lililokuwa ukuta wa studio yangu. Yeye alikuwa chuo cha ualimu Butimba, analala bweni, na mimi nilikuwa nimelisimamisha kwenye kona ya chumba chetu hapa Mkolani ili sauti isigonge ukuta na kurudi. Alipokuja likizo, akanipa shikamoo, akaliona godoro lake limesimama na maikrofoni imening'inia mbele yake kwa kamba ya kiatu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa kaka, mimi nitalala wapi? Kwenye kwaya?"

Nilicheka naye. Baada ya hapo sikucheka sana likizo ile.

Mimi ni fundi bati. Nilikuwa kidato cha pili baba alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, nikaacha shule na kushika nyundo yake pamoja na kile kipande cha reli alichokuwa anafulia bati. Tangu hapo ni majiko, karai, ndoo na mifereji ya maji ya mvua. Mdogo wangu alikuwa darasa la kwanza. Kelele zangu zilimvuruga kwenye hesabu, basi nikawa namtuma akasomee juu kwenye mawe, nyuma ya nyumba, ambako nyundo ilimfikia kwa mbali kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Alisomea huko miaka yote mpaka akamaliza shule.

Muziki niliujua kwa mikono kabla ya kuujua kwa kompyuta. Ukipiga bati kutwa nzima, mkono unajitafutia mwendo wake. Nilipopata kompyuta ya mtumba na fundi simu akaniwekea programu ya kurekodi, nilidhani nusu ya kazi ninayo tayari. Haikuwa hivyo. Masomo ya kwenye video yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili. Nilijifunza kwa kuharibu. Nilikuwa na daftari, naandika kwa maneno yangu: ukipandisha hiki, besi inanenepa, taa ikiwa nyekundu, sauti imepasuka, rudia, mwimbaji asisogee. Mvua ikinyesha juu ya bati tunafunga kazi. Ilinichukua miezi mitatu kuweza kupanga sauti nne, moja juu ya nyingine, zikakaa pamoja bila kusukumana.

Mwalimu wa kwaya ya mtaani kwetu, mama mtu mzima mwenye sauti nzito, aliposikia habari hizo akaniomba niwarekodie wimbo mmoja wa kupeleka redioni. Walikuja Jumamosi, wakaimba mbele ya godoro wawili wawili. Baadaye nikakaa na wimbo huo wiki tatu, kila jioni nikishatoka kwenye bati. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: wimbo ambao mtu akiuliza nani kautengeneza, jibu liwe mimi. Majiko yangu yako nusu ya nyumba za Mkolani na hakuna anayeuliza.

Mdogo wangu alikaa mbele ya kompyuta siku tatu. Alisoma yale maandishi ya kwenye programu kama mtu anayesoma kalenda. Mambo niliyoyavizia kwa wiki nzima, yeye aliyafungua kwa kidole kimoja, huku anakula mhindi wa kuchoma. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na roho inaniuma. Kile Kiingereza chake nilikilipia mimi, kwa nyundo.

Kisha akavaa hedifoni akausikiliza wimbo wangu. Kabla ya ubeti wa pili alizivua na kujisugua masikio.

"Ni mzuri, kaka. Ila unachoma."

Nikamuuliza unachoma nini. Akasema kayamba inakwangua, na kila waimbaji wakifika kwenye neno lenye "s" ni kama nyoka anapita. Nilishangaa, maana kayamba ndiyo iliyonipa shida kuliko vyote. Ilikuwa haisikiki kabisa, nikaipandisha, nikaipandisha tena.

"Siku hizi chuoni wanafundisha na kusikia?" nikamwambia.

Alitafuta kwenye simu yake mlio wa kupimia masikio, unaoanza chini na kupanda polepole. Ukapanda, mimi nikausikia, halafu ukaisha. Nikamwambia umeisha. Akasema haujaisha, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

Nilijua ananidanganya. Nikamgeuza uso ukutani, nikaishika simu mwenyewe, mlio ukiwa pale juu uliponiishia, nikamwambia anyooshe mkono akiusikia na aushushe ukikatika. Nikabonyeza. Mkono ukapanda. Nikazima, ukashuka. Nikabonyeza mara mbili harakaharaka nimkamate, mkono ukapanda na kushuka mara mbili. Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Chumba kwangu kilikuwa kimya kabisa, na mkono wake ulipanda na kushuka kwa kitu ambacho sikukipata.

Alipogeuka alikuwa hacheki tena. "Ni yale mabati, kaka," alisema taratibu.

Ningeweza kusema neno la kikubwa hapo, maana mimi ndiye mkubwa. Lakini nilichofikiri ni kwamba yeye ana masikio mazima kwa sababu nilimpandisha kwenye mawe, na mimi hakuna aliyenipandisha popote. Nikatoka nikaenda kukunja mfereji ambao hakuna mtu aliyekuwa anausubiri.

Aliniomba ruhusa ya kuugusa wimbo. Nilimwambia atumie nakala, yangu asiisogelee. Akamaliza mchana mmoja. Nilipousikiliza wa kwake, niliona kama ameufunika blanketi. Kayamba haipo, sauti za kina mama zimelegea. Niliridhika sana moyoni. Kumbe hata msomi anaharibu.

Mwalimu wa kwaya alikuja Jumapili mchana, mdogo wangu akiwa anafua nje. Nyimbo mbili zilikuwa kwenye kompyuta na mwalimu hakujua kama kuna wa pili. Nikampigia wangu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono ukaenda kwenye hereni, ukabaki pale pale sikioni mpaka mwisho. Akasema, "Umefanya kazi, fundi." Namna alivyolisema ndiyo mteja anavyolisema akishaona jiko linayumba.

Ningeweza kuishia hapo. Angeuchukua ule ule, kwa adabu. Sijui ni nini kilichonifanya nifungue na wa pili. Labda nilitaka auone ulivyo mbaya, ili wangu upande.

Ulipoanza, mwalimu aliinua kichwa. Ulipofika kwenye kiitikio alianza kuimba sauti yake ya chini, kidogokidogo, na mikono yake ikatoka mapajani ikawa inatikisa kitu hewani, upande huu na upande huu, kwa mwendo ambao niliupanga mwenyewe. Ilikuwa ni kayamba. Nilikaa nikaitazama kayamba yangu kwenye mikono ya yule mama mpaka wimbo ukaisha.

"Huu hapa," akasema. "Huu nani kautengeneza?"

Swali lenyewe lilikuwa hilo, na nilikuwa nimelisubiri wiki tatu. Mlangoni nilisikia maji ya kufulia yanamwagwa.

"Mdogo wangu," nikasema. Neno lilinitoka kama msumari uliopinda. Mwalimu akamwita kwa sauti aje, akamshika mikono ikiwa na povu bado, akampongeza mbele yangu. Mdogo wangu akasema mapigo na kurekodi ni kaka, yeye kapunguza tu. Nilitamani asingekuwa mwema kiasi kile, maana ningepata pa kumchukia.

Siku hizi nikifua bati naziba masikio kwa pamba, ingawa nimechelewa. Godoro bado limesimama. Likizo analilaza, asubuhi ananisimamishia. Tunapotengeneza wimbo mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti, yeye anakaa pembeni na hedifoni. Naipandisha kayamba polepole huku namtazama usoni. Paji lake likikunjamana, narudi nyuma kidogo, naacha hapo. Wivu ninao, na yeye anajua. Ila sasa najua pa kuiacha kayamba.