Ushindi wa Mama Roselida

Roselida Nabwire ameuza maharagwe Malaba miaka kumi na tisa, na magoti yake yamebeba yote: magunia, watoto wanne, na kilo mia moja kumi na nne zake mwenyewe. Ndiyo maana daktari Emuron, mwenye kliniki ndogo Amagoro, alipomwanzishia sindano ya kupunguza uzito, moja kila Jumanne, alishukuru hadi machozi. Baada ya miezi miwili kilo tisa zilikuwa zimekwenda, naye alipanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Jamani, alijiona msichana.

Tangu mwanzo daktari alikuwa amempa daftari. "Andika kila siku vile unajisikia. Kutapika, kizunguzungu, tumbo kuuma, kila kitu."

Hapo ndipo penye shida. Katika ushirika wa akina mama wa kanisa la Roselida, mtu hakiri ugonjwa. Ukiulizwa hali, hata kama unatetemeka kwa homa, unajibu ni ushindi tu. Basi mwanamke huyu, asiyempunja mteja hata punje moja, akajaza kurasa nzima: "Ushindi." "Niko salama." "Ushindi." Kumbe kila Jumatano anatapika nyuma ya stoo, na Alhamisi akiinama kufunga gunia dunia inamzunguka. Na alikuwa na hofu yake ya pembeni: daktari akijua, atamnyang'anya sindano, magoti yaanze upya.

Jumanne moja Emuron alipekua daftari, akatabasamu. "Mama, hii dawa imekukubali. Leo tunaongeza dozi."

Roselida aliweka mkono juu ya daftari. Kama ndogo ilikuwa inamlaza, kubwa si ingemzika?

"Daktari, ngoja kidogo. Hapo niliandika vile tunasemanga kanisani."

"Aje?"

"Natapika. Wiki tatu sasa. Hata maji haikai."

Emuron hakumgombeza. Alimpima presha, akaikuta chini, akamtilia maji kwenye glasi. "Tumbo inauma sana, mpaka mgongo?"

"Hapana."

"Hiyo ikikuja, usingoje Jumanne, kuja siku hiyo hiyo. Leo sikudungi. Ukipata nguvu tunarudi ile dozi ya kwanza."

"Kwani hunitoi kwa dawa?"

"Nikutoe na inakusaidia? Nilitaka tu kujua ukweli, mama."

Roselida alikunywa maji polepole. Wiki tatu alikuwa amejificha nyuma ya stoo kwa kumwogopa mtu mpole namna hii. Aliona aibu, lakini nafuu ilizidi aibu. Akasogeza kiti karibu na meza.

"Basi daktari, shika kalamu. Hata choo sijaenda tangu Ijumaa."