Jogoo wa Mji Usiokuwepo

Wiki jana niliumbuka mbele ya televisheni. Nikisubiri kinyozi wangu hapa Machakos, niliingia chumba cha jirani ambamo mama mmoja hukodisha mashine ya gemu, na vijana wawili kutoka Kalama walikuwa wakicheza gemu ya magari. Nikautazama mji ule kwenye kioo, nikatangaza, "Ah! Huu nimeutembelea. Samaki wao ni watamu sana."

"Mzee, hiyo mji ni ya kutungwa," akasema mmoja, wakacheka hadi gari lao likatumbukia baharini.

Kumbe walikuwa wamewekeana dau la jogoo: mshindi ni atakayejua mji ule ungekuwa wapi katika dunia hii yetu.

"Ni Mombasa. Si unaona minazi?"

"Mombasa gani, na barabara haina shimo hata moja?"

"Basi ni Athi River, hapa kwetu Ukambani, wakimaliza kuijenga."

"Wacha mchezo! Mvua imenyesha tangu tuanze, na hakuna mtu ametoka na jembe. Hao si Wakamba."

Hoja hiyo ilinichoma. Nimevuka mipaka mingi, na kila nikirudi huwasimulia ninyi wasomaji habari za maghorofa tu, si za wenye majembe.

"Mzee, wewe umetembea. Amua."

Nikakohoa kama mbunge aliyeulizwa kuhusu maji ya mfereji, nikasema suala hilo linahitaji utafiti zaidi.

Mama mwenye chumba akaigonga mashine kwa kidole.

"Hiyo mji iko ndani ya hii sanduku yangu. Jogoo leteni hapa."