Uyoga wa Juani

Miaka ile ya vita vya Kongo nilikuwa nafundisha kemia Gihundwe, ng'ambo ya mpaka, na somo langu nililijua barabara. Kwa hiyo yaya, dada yangu mkubwa, alipovuka mpaka kutoka Bukavu na binti yake mgongoni, niliitazama miguu ya mtoto nikajua kabla ya daktari. Alikuwa na miaka miwili, ana matege, na ukimsimamisha analia. Tangu azaliwe alikuwa amefungiwa chumbani, madirisha yamezibwa kwa kuogopa risasi.

Daktari alisema mifupa imekosa vitamini D. Dawa ya matone ilikuwa imeadimika, lakini jua lipo bure: mtoto atolewe nje kila siku, la sivyo miguu itakomaa hivyo hivyo. Yaya aliitikia vizuri. Tulipofika nyumbani akaingia naye ndani, akafunga mlango.

"Inje kuko masasi," alisema.

"Masasi iko Bukavu, yaya. Hapa ni Gihundwe."

"Sasi inajua mupaka?"

Nilikasirika sana. Lakini mtu aliyeona aliyoyaona hakokotwi. Nikaamua kwamba kama mtoto haendi juani, jua litamfuata kwenye sahani. Ndani ya uyoga mna kitu kiitwacho ergosteroli. Ukiuanika juani, mwanga unakigeuza kuwa vitamini D, na mifupa ndiyo inayoihitaji. Nilikuwa naotesha uyoga nyuma ya nyumba, kwenye majani makavu ya mpunga kutoka Bugarama. Nikauchana, nikauanika kwenye ungo uani saa sita mchana, upande wa chini wa kofia ukitazama juu.

Yaya akauhamishia ndani, juu ya moshi wa jiko, kama mama alivyotufundisha.

"Mwalimu, unaharibisha chakula."

Nikautoa. Akaurudisha. Tulivutana siku nzima kama watoto, mpaka nikamwambia wazi kuwa moshi unakausha tu, dawa inatoka kwenye jua, na uyoga huu ni wa miguu ya binti yake. Hapo akauacha ungo uani.

Kesho yake kuku wa jirani waliuvamia ungo. Yaya akatoka mbio na ufagio, akiwatukana kwa Kimashi, na kwa kuwa kuku wale hawakuwa na haya hata kidogo, ikabidi akae pale pale kulinda. Hakuwahi kumwacha mtoto peke yake, basi akampakata mkekani. Niliwaona kutoka dirishani nikafurahi kupita kiasi.

Wiki zikapita hivyo. Mtoto alikula uyoga na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mchana miguu yake ilikaa wazi juani. Akaanza kusimama akishika bega la mama yake.

Halafu siku moja mlio wa bunduki ukasikika ng'ambo ya mto wa mpakani, na mwingine tena. Yaya akamnyakua mtoto, akafika mlangoni, akasimama. Moyo wangu ulikufa. Niliona tumerudi tulikoanzia. Kisha akageuka, akarudi mkekani, akamlaza mtoto kifudifudi, mgongo ukitazama jua.

"Mugongo bado," aliniambia, akawafukuza kuku.