Sanda ya Mama Ilipunguzwa, Leo Mwenyekiti Anataka Radhi Yangu

Bwana Mhariri, jina langu ulifiche, na mtaa usiutaje zaidi ya kusema ni Kariakoo. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, nina mke na watoto wawili, na kazi yangu ni kuli bandarini. Nawaandikia wasomaji wa ukurasa huu kwa sababu nina hasira isiyonipa usingizi, na sitaki mniambie nitulie. Nimeshaambiwa sana.

Mama yangu alikuwa akikaanga vitumbua sokoni. Alikuwa mwanachama wa chama chetu cha kuzikana tangu kilipoanzishwa, na kila Ijumaa alipeleka senti zake kabla hajanunua hata mafuta ya taa. Alikuwa akisema, "Nikifa sitaki mwanangu azunguke mitaani na bakuli." Ahadi ya chama ilikuwa wazi: mwanachama akifa, chama kitaleta sanda kamili, ubani, na chakula cha hitima. Waarabu wenye maduka walikuwa wakitutolea sadaka, na hata Mhindi mmoja muuza vitambaa, ambaye si wa dini yetu, alitoa kila mwaka kwa moyo mweupe.

Basi siku moja Mwenyekiti akatuita Mnazi Mmoja. Akasema chama ambacho mkubwa wake anakaa mkekani, Serikali haiwezi kukiheshimu. Lazima kiwe na ofisi, meza na viti, na Mwenyekiti alipwe mshahara kama mkubwa yeyote. Watu wakapiga makofi. Mama alipiga makofi mpaka kanga ikamdondoka begani, maana na sisi tuliona fahari kuwa na mkubwa wetu wa kukalia kiti. Haukupita muda Mwenyekiti ana tarbushi jipya na baiskeli yenye kengele, na mdogo wake amekuwa katibu, naye analipwa. Kisha akapanda meli kwenda Tanga kutazama vyama vya wenzetu. Aliporudi akatupa habari kwamba vyama vya wenzetu ni vizuri. Hiyo ndiyo habari yote tuliyoipata kwa nauli ile.

Mama akafariki asubuhi moja ya Ramadhani. Sanda ikaletwa upesi, nikashukuru. Watu wamejaa mikekani, mara nikaitwa uani na Bi Mosi, shoga yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa akimwosha. Akaninong'oneza, "Mwanangu, zimekuja tatu." Kwetu mwanamke huvishwa nguo tano, na hilo kila mtu analijua. Tatu ni za mwanamume. Shungi la kumfunika kichwa halikuwamo, wala kanzu yake.

Nikamfuata Mwenyekiti. Wenzake wote walikuwa mkekani, yeye alikuwa ameletewa kiti chake mpaka msibani. Nikainama sikioni kwake.

"Shikamoo, Mzee. Sanda ya mama imepungua."

"Marahaba. Haijapungua. Tatu zinatosha kwa sheria, na chama kina hali ngumu mwezi huu. Usituaibishe mbele ya wageni, kijana."

Nikarudi uani. Mfukoni sikuwa na kitu, na mama yangu alikuwa ndani amelala anasubiri. Bi Mosi akavua ukaya wake mwenyewe wa kichwani, akaenda kwake akaleta kanga yake ya Idi, akamalizia. Mama amezikwa na maua mekundu ya kanga ya shoga yake. Wanaojua ni Bi Mosi na mwenzake aliyeosha naye, mimi na mke wangu, na yule mwenye kiti.

Sasa Mwenyekiti anaumwa, tumbo limevimba, waganga wameshindwa. Kama ilivyo desturi, anaomba radhi kwa watu kabla hajaondoka. Juzi alimtuma mdogo wake kwangu na kipande cha bafta nyeupe, kitambaa cha sanda, mpya kabisa.

"Kaka anasema umsamehe. Kwako ameomba kuliko kwa wote. Na hii amesema uipokee."

"Rudi nayo," nikamwambia. "Mama hana tena pa kuivalia. Mwambie aifanyie foronya ya kile kiti."

Nilifurahi kumwona anaondoka ameinamisha kichwa. Nasema kweli, nilifurahi. Na nimeshaamua: siku ya maziko yake, kabla jeneza halijainuliwa, watakapouliza kama yuko anayemdai marehemu, na watu wakaitikia kuwa wamesamehe, mimi nitasimama niseme sijasamehe. Nayajaribu maneno hayo nikiwa na gunia mgongoni. Nataka waliotoa sadaka wasikie ilikokwenda. Nataka na yule mdogo wake, anayejiandaa kushika uenyekiti, asikie akose pa kuuweka uso wake.

Nilimweleza mke wangu nikidhani atanisifu. Akaacha kupepeta mchele, akanitazama.

"Baba Sele, ukisimama watakuuliza unamdai nini. Utawajibu nini?"

"Nitawaambia sanda ya mama."

"Basi utakuwa umemfunua mama yako mbele ya mji mzima. Bi Mosi alitoa nguo zake mwilini ili asionekane, na wewe mwanawe utamwanika."

Nikisema, sokoni hawatamkumbuka tena kwa vitumbua vyake, watamkumbuka kwa sanda iliyopungua. Nikinyamaza, mwizi wake atazikwa kwa heshima zote, na Ijumaa kina mama wengine watapeleka senti zao kwa mdogo wake.

Wasomaji, msinipe mawaidha ya subira. Tangu jana yule mzee hali chakula. Niambieni upesi: nimwaibishe yeye pamoja na mama yangu, au niwasitiri wote wawili?