Mkia wa Mbio na Mafundo ya Mumewe

Saa tisa alasiri, jua linawaka, na mwanamke wa makamo amepiga magoti kando ya barabara ya vumbi, anang'ata utepe mwekundu uliofungwa kwenye nguzo ya uzio. Haufunguki. Anajaribu kwa kucha, anarudi kwa meno, kisha anaanza kumsema mtu asiyekuwepo.

"Aliyefunga hivi ana lake jambo," anasema. "Huyu si bure."

Wakimbiaji wanamwita Mkia. Siku za kawaida ni fundi cherehani, mwenye chumba kimoja cha kushonea sare za shule karibu na soko. Mara moja kwa mwaka hulipwa ujira wa kibarua, sawa na sare mbili hivi, ili atembee nyuma ya mtu wa mwisho katika mbio za kilomita themanini, akifungua tepe zinazoonyesha njia. Zamu yake inaanzia kilomita ya sitini. Wakati huo washindi wamekwisha oga na kula.

Hakuna utepe unaoachwa nyuma, na hakuna unaokatwa, maana tepe hizo zinatumika tena mwakani na yeye ndiye aliyezishona. Mkasi wake unaning'inia shingoni bila kazi. Lango la kumalizia nalo halifungwi kwa saa, linafungwa yeye akifika. Anayepitwa na Mkia anavuliwa namba ya kifuani, na mbio zake zimeishia hapo.

Watu wazima humlilia. Karani mmoja wa benki aliwahi kujificha nyuma ya tangi la maji asivuliwe namba, ikabidi atolewe kwa kuvutwa shati.

Lakini anayemchosha kuliko wote ni mumewe, fundi makochi mwenye kitambi cha heshima. Amejaribu mara nne, na mara zote nne mkewe ndiye aliyemvua namba. Hununa wiki nzima, halafu anaanza upya: kuwaamsha wote alfajiri akitafuta viatu, soksi kujaa kwenye kamba ya nguo, ndizi za nyumba nzima kuishia tumboni mwa mtu mmoja. Ameapa kwamba siku atakayomaliza ndiyo siku atakayoacha.

"Sasa nani anataka amalize kuliko mimi?" anauliza mkewe. "Lakini siwezi kwenda mwendo wa kinyonga kwa sababu ni mume wangu. Kwani hao wengine hawana wake?"

Ni kwenye utepe wa sita anapogundua. Analigeuza fundo, anaguna. Mizunguko mitatu, ncha imerudishwa ndani: ndilo fundo ambalo mumewe hufungia magodoro yaliyokunjwa karakanani, na ambalo yeye hajawahi kulifungua bila kumwita mwenyewe. Jana mumewe alijitolea kuwasaidia waandaaji kufunga tepe. Mkewe akamsifu hadi kwa majirani.

"Ananichelewesha mimi," anasema polepole, kama haamini. "Mimi niliyemkandia miguu hiyohiyo."

Mkono unaugusa mkasi mara mbili. Hakati. Anafungua moja baada ya jingine, kucha zikivunjika, na huko mbele wanaoburura miguu wanapata mwanya wa kutoroka. Mwalimu wa shule aliyekuwa karibu kukamatwa anapotea konani. Muuguzi anayeshuka mteremko kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja naye anapotea. Wote watapita langoni kwa hisani ya mafundo ya fundi makochi.

Mwenye mafundo hayumo. Mkewe anamkuta amekaa mtaroni, lango likionekana kabisa, kipaza sauti kikisikika kikitaja majina ya wanaoingia. Vigimbi vimekaza kama mbao. Pembeni yake, kwenye nguzo, kuna utepe wa mwisho.

Anamuuliza kama tepe alizifunga akiwa kwenye pikipiki ya waandaaji au kwa miguu. Mumewe anatazama chini.

"Kwa miguu. Dereva wa pikipiki angekuambia ninavyofunga."

"Kilomita ishirini. Siku ya kuamkia mbio."

"Arobaini," anasema mumewe. "Nilianzia hapa langoni. Nilienda kwanza, nikafunga nikirudi."

Hasira inampanda mkewe, huruma nayo inapanda papo hapo, na hajui aanze na ipi. Mwishowe anamwambia ainuke, maana yeye bado ana fundo la kufungua, na mafundo ya leo yanachukua muda. Mumewe anaelewa. Anashika nguzo, anajiinua, anapiga hatua moja. Mkewe anaugusa utepe taratibu, yuko tayari kuhangaika nao hadi giza liingie.

Unafunguka wenyewe. Ndio mumewe aliomalizia jana, mikono ikiwa imechoka, akaupitisha tu bila kuukaza. Alasiri nzima mwanamke huyu amelaani mafundo yaliyokaza, na hili moja ndilo alilotaka likaze.

Anamvua namba. Wanaongozana hadi langoni.

Jioni, mume ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji, mke anakunja tepe. Amekwisha zungumza na waandaaji: mwakani atafutwe mkia mwingine, yeye atafunga tepe. Wamekubali. Na mumewe, siku hiyo ya kuamkia mbio, atalala.

"Nitamfungia chumbani tangu asubuhi," anasema, "na mlango nitaufunga kwa fundo lake hilihili. Amalize, aache, na mimi nipate kamba ya kuanika nguo zangu."