Kilichotulia Ndani ya Muundi

Mtaani walimwita Twiga, kwa sababu akipaka rangi sebule za watu, juu ya mlango alifika kwa kunyoosha mkono tu. Ngazi aliitumia kwa kuta za nje, na ndiyo iliyomtupa chini akimalizia ukuta wa duka la viatu. Mfupa wa muundi ulivunjika, ngozi ikachanika. Hospitalini wakamsafisha, wakaufunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu, wakamshona. Kidonda kikakauka vizuri, hata wauguzi wakakisifia.

Mfupa ndio haukuunga. Kila picha ya eksirei ilirudi na ufa uleule, mwezi baada ya mwezi, mpaka mwaka ukakatika.

Alikuwa akilala kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, katika chumba cha mbele kilichojaa marobota ya vitambaa. Dada alimlisha, akamfulia, ila moyoni alishajijibu: huyu anaukanyagia mguu kwa siri.

“Magongo yako mlangoni, wewe uko jikoni,” alimwambia siku moja. “Umepaa?”

“Nimerukaruka kwa mguu mzima, dada.”

“Endelea kunidanganya. Mguu ni wako.”

Hakuwa anadanganya. Maneno yale yalimwingia. Maumivu yakizidi alinunua vidonge vya antibayotiki duka la dawa, akapata nafuu siku mbili tatu, akaacha, akaanza tena.

Hatimaye yeye na dada walitumwa kwa daktari mpya wa mifupa, mwanamama asiyepandisha sauti, naye akaubonyeza mguu kila upande. Hakukuwa na joto, uvimbe wala usaha. Majibu ya damu yalikuwa safi.

“Kwa hiyo hakuna ugonjwa,” dada alisema.

“Hapo bado sijafika, mama. Kuna bakteria wanaoganda kwenye chuma, wakajifunika utando, wakatulia. Damu inaweza isiwe na habari nao.” Akamgeukia Twiga. “Unameza dawa yoyote?”

Twiga akataja vidonge vyake.

“Viache kabisa. Haviwamalizi, vinawadhoofisha tu, nikipima siwaoni. Ukikaa wiki kadhaa bila dawa, nitakufungua. Nitatoa vipande sehemu mbalimbali za mfupa, pamoja na bamba lenyewe, maabara wavichunguze. Nikikuta hali mbaya, sitaweka bamba jipya.”

Hiyo sentensi ya mwisho Twiga hakuisikia vizuri. Alipozinduka baada ya upasuaji alifunua shuka, akaona vyuma vimetokeza nje ya mguu, vimeshikwa na fremu iliyowekwa badala ya bamba. Akalirudisha shuka polepole, akalifunua tena, kana kwamba alikuwa amefunua mguu wa mtu mwingine.

Majibu yalichelewa, kwa kuwa wadudu wenyewe huota taratibu. Daktari alikuja nayo dada akiwepo.

“Karibu vipande vyote vimeotesha bakteria wa aina moja. Na kwenye bamba wapo.”

“Wametoka wapi?” Twiga aliuliza.

“Ni wale wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu. Kwangu wapo, kwako pia. Waliingia ulipoanguka, au siku ulipofanyiwa upasuaji wa kwanza. Ipi kati ya hizo, sijui.”

Dada aliketi kwenye kitanda cha jirani bila kuomba.

“Mwaka wote huu?” aliuliza. “Wamo humo, na sisi tunakaa naye mezani?”

“Nadhani tangu mwanzo.”

Dada alitoka nje ya wodi, akakawia. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. “Mdogo wangu, nimekuita mwongo.”

“Umeniita mengi,” Twiga alijibu.

Zikafuata dawa za mshipani, kisha vidonge vilivyochaguliwa kwa bakteria walewale. Baadaye daktari akachota mfupa kidogo nyongani, akaujazia kwenye pengo lililoachwa na sehemu mbovu aliyoikata. Ulichukua muda, lakini ukashika. Fremu ikatolewa, na Twiga akarudi kwenye rangi zake, kiatu kimoja kikiwa na soli nene kuliko chenzake, maana mguu ulibaki mfupi kidogo.

Anayeshindwa kulizoea ni dada. Wakiwa wanakula, huweka tonge chini na kumkazia macho miguuni. “Hata usaha haukuwapo,” husema. “Hata homa ya siku moja.”

Twiga humsogezea sahani.